Mtani Akikuamkia kwa Adabu

Pazi alianza kuigiza msibani. Kijijini kwao Kaole alifariki jirani yao, mzee wa Kinyamwezi mwenye matege na ulimi mkali, na kwa kuwa Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, Pazi alijivika kofia ya marehemu akapita mbele ya wafiwa kwa matege yale yale, akiwafokea wajukuu kwa sauti ile ile. Watu walishika mbavu. Mjukuu mmoja alimfuata baadaye akamwambia, "We Mzaramo, babu umempatia, ila umesahau kukohoa." Huyo ndiye Gaspari.

Tangu hapo wakawa chanda na pete. Walijiunga na kikundi cha maigizo mjini Bagamoyo, na televisheni ilipowagundua, Pazi akawa baba mwenye nyumba bahili, Gaspari mpangaji asiyelipa. Mtaani walitukanana kutwa.

"Mbeba mizigo, hujambo?" Pazi huanza. "Babu yako alibeba pembe za ndovu mpaka pwani akasahau njia ya kurudi kwao!"

"Nenda, ngoma inakuita," Gaspari humjibu. "Shamba la Mzaramo hulimwa na ndege."

Wasiojua utani walidhani hawa wawili watachomana visu.

Umri ukasogea. Pazi akachoka kupakwa poda usoni, akageuka mtayarishaji wa vipindi. Kazi ilimkaa. Alijua kumbembeleza mwenye nyumba mpaka atoe sebule yake wiki nzima, na jogoo wa jirani alipowika katikati ya kurekodi, alimnunua, jioni wakamla. Akaanza kuvaa miwani ya jua hata chumbani, mpaka mama yake, Bimdogo, akamwuliza kama anaumwa macho.

Sasa kosa. Kituo cha televisheni kilitaka tamthilia mpya yenye sura changa. Gaspari alikuja kwenye usaili kama wengine, akaigiza kuwazidi wote. Lakini Pazi alikuwa amekaa na vijana wa kituo, wenye suruali za kubana na maneno mengi, akaona haya kumtetea mzee mwenzake. Akamwambia kama anavyowaambia watu baki: "Asante kwa mchango wako. Tutakupigia simu."

Hakupiga.

Siku chache baadaye walikutana soko la samaki. Pazi akamchokoza, "Mbeba mizigo, leo umebeba nini?"

Gaspari akasimama, akainamisha kichwa kidogo. "Habari za asubuhi, bwana Pazi. Nyumbani hawajambo?"

Jamani! Mtani akikutukana, yuko nawe. Akikuamkia kwa adabu, amekufuta. Pazi alirudi nyumbani na vibua wake na hakuweza kuwala. Miezi ikapita kwa adabu hiyo hiyo. Tamthilia ilipendwa, watu wakampongeza, naye angeitoa yote apate tusi moja tu la Gaspari. Lakini kila alipoishika simu, haya zilimwambia kesho.

Kisha Bimdogo akafariki, kashiba umri, akiwa katikati ya kumsengenya jirani. Nyumba ya Kaole ikajaa. Gaspari alikuja na koti lake la kanisani, akampa Pazi mkono wa pole, akaketi mkekani kimya. Watu walimtazama wakisubiri vituko, yeye akatazama vidole vyake. Pazi aliumia mara mbili. Mama kaondoka, na mtani wake amekuja kumzika kama mgeni.

Jeneza likainuliwa, Pazi akiwa mbele kati ya wabebaji. Lilipokaribia mlango wa ua, Gaspari aliinuka, akamvua Pazi miwani, akaivaa, akalala chali katikati ya njia, kama mtani anayezuia maiti mpaka alipwe ada yake.

"Kata!" alipaza sauti. "Nani karuhusu jeneza litoke? Rudieni! Na nyie wafiwa, mnalia kama mnamenya vitunguu!" Akanyanyua kichwa, akaliangalia jeneza. "Bibi, kipaji unacho, ila sura imezeeka. Asante kwa mchango wako. Tutakupigia simu."

Kicheko kilianzia upande wa wanawake, kikazagaa ua mzima. Pazi alicheka huku machozi yakimtiririka, na hakujua yapi ni ya mama na yapi ni ya Gaspari.

"Hapiti mtu hapa," Gaspari akasema, "mpaka nipigiwe simu yangu."

Pazi akatoa simu kwa mkono mmoja, akapiga. Ikaita pale pale chini, ndani ya koti la kanisani. Gaspari akaiacha iite kwanza, kisha akapokea.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Mimi Pazi. Nisamehe, ndugu yangu. Nilikuonea haya mbele ya watoto wale wa kituo. Rudi kazini."

"Pazi yupi? Yule Mzaramo mvivu, anayevaa miwani chumbani?"

"Huyo huyo."

"Basi usinisumbue, mpumbavu wewe. Namzika mama yangu."

Akakata simu, akainuka, akajipangusa vumbi. Akaenda mbele ya jeneza alipokuwa Pazi, akaingiza bega lake pembeni ya la mwenzake.

"Sogea huko," alimwambia. "Kubeba ni kazi yetu."