Mate ya Koko

Jana mjukuu wangu aliniletea maziwa ya mgando kwenye kibuyu kilichofukizwa moshi. Kabla sijanywa, mkono ulipanda wenyewe hadi kwenye paji la uso.

Nilikuwa mtoto mdogo, mimi na mama tumeteremka mlimani na ndizi, kwenda soko la Same. Njiani mama alinionya, “Ukipotea, mkimbilie bibi wa Kimaasai, umwite koko. Kwao koko ni bibi. Lakini usimwite mwingine hivyo! Waswahili watadhani umewaita mbwa koko. Na vibarua wa reli wametoka mbali, sijui kwao neno hilo lina maana gani.”

Sokoni, kando ya stesheni, garimoshi likapiga honi. Askari wa Mwingereza akaanza kusukuma watu kwa fimbo, na mkono wa mama ukaniponyoka.

Nikamwona bibi mmoja mwenye shanga masikioni. Ni Mmaasai, au siye? Nikafungua mdomo kumwita, nikaufumba. Mkojo ukanichuruzika miguuni. Bibi akainama, ananukia moshi na maziwa, akanitemea mate usoni.

Nilijua nimelaaniwa. Nikapiga yowe.

Mama akatokea mbio, kitambaa cha kichwani kimeshadondoka.

“Mama, amenitemea!” Nikainua mkono nijifute, mama akaudaka.

“Usifute. Amekubariki.”

Kisha mama akapiga magoti mavumbini mbele ya bibi yule, akainamisha kichwa chake kitupu.

“Na mimi, koko.”