Hapana ya Mama Kasuku

Katika mtaa ule, ukitaka kochi lako lililochoka lifufuke, uliambiwa umpelekee Mama Kasuku. Alikuwa mwanamke mfupi, mwepesi wa mikono na mwepesi zaidi wa kucheka. Alikuwa na desturi ya kubana pini midomoni huku akizungumza, hata wateja wapya wakadhani ana kigugumizi. Chumba chake cha kazi kilijaa sponji mpaka karibu na dari, na mteja aliyeingia akiwa hoi alijitupa juu ya lundo lile akasahau kilichomleta. Jina lake la mtaani alilipata kwa binti yake wa pekee, mtoto wa darasa la tatu, ambaye alianza kusema pindi alipofumbua macho na kunyamaza pale tu usingizi ulipomkata kauli.

Zamani kazi ile waliifanya wawili. Mumewe alikuwa seremala: yeye alichonga fremu, mkewe akazivika sponji na kitambaa. Mikono ya mume ilikuwa imebarikiwa, lakini hasira zake zilikuwa za petroli. Siku moja, kwa sababu mkewe alikataa kubadilisha rangi ya kitambaa, aliupiga teke mlango wa chumba cha kazi hadi bawaba zikang'oka, kisha akamshika mkono na kumtikisa mbele ya mtoto. Haikuwa mara ya kwanza, lakini Mama Kasuku aliapa kwamba itakuwa ya mwisho. Akaenda mahakamani. Ndoa ikavunjwa, na hakimu akatoa amri: seremala asimkaribie mwanamke yule, wala nyumbani kwake, wala kazini kwake.

Sasa sikiliza jinsi alivyoivunja amri ile. Hakuja na rungu wala matusi. Alikuja na bisibisi. Mama Kasuku alifika kazini asubuhi na mapema akamkuta amepiga magoti kizingitini, anapiga mluzi, anafunga bawaba mpya kwenye mlango aliouvunja mwenyewe.  Mama Kasuku hakuweza kwenda mbele wala kurudi nyuma. Aliyepiga simu polisi alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa seremala, aliyekuwa akiishi ng'ambo ya barabara.

"Dada! Unanikamatisha mimi, ndugu yako wa tumbo moja?"

"Tumbo moja, vichwa viwili," wifi akamjibu. "Panda gari, watu wanakusubiri."

Mahakamani seremala alishangaa kwa dhati. "Mheshimiwa, mimi nilikuwa natengeneza!"

Hakimu alivua miwani. "Nani alikuita?"

 Seremala alikaa mahabusu, na alipotoka alipelekwa kwa afisa wa ustawi wa jamii kwa mazungumzo ya kila wiki. Kwa maelezo ya wifi, ilimchukua muda mrefu kukubali kwamba alichovunja siku ile si mlango peke yake, na kwamba hata wema, ukija bila kuitwa kwa mtu anayekuogopa, unamtisha vilevile. Maisha yake yote kila kilichovunjika alikuwa amekitibu kwa gundi na misumari. Hili halikutaka hata kimoja kati ya hivyo.

Kasuku naye hakuacha kuuliza. Baba anajua kuwa jino langu limeng'oka? Baba anajua kuwa siku hizi nalala taa ikiwa imezimwa? Mama Kasuku hakuwa na haja ya kurudiana na mtu. Hilo lilikwisha, na siku hizi alilala katikati kabisa ya kitanda, mikono huku, miguu kule, kama malkia. Lakini alitaka mtoto awe na baba. Basi alirudi mahakamani kwa miguu yake mwenyewe, akaomba amri ilegezwe: baba amwone mtoto, mama akiwepo, sebuleni kwa wifi, Jumamosi alasiri. Akivuka mpaka tena, mchezo umekwisha.

Kama angejua kusalimia vizuri au kuomba radhi, hayo hayakumsumbua Mama Kasuku. Maneno matamu yule bwana hakuwahi kupungukiwa. Jambo moja tu ndilo lililomkosesha raha wiki nzima: akiambiwa "hapana", itakuwaje? Katika ndoa yao, neno lile lilikuwa njiti ya kiberiti.

Jumamosi ikafika. Seremala alisimama nje, shati limepigwa pasi mpaka limekuwa kama ubao, akabisha hodi ingawa mlango ulikuwa wazi.

"Ingia basi, unatuzibia upepo!" wifi alimwambia.

"Nasubiri Mama Kasuku anikaribishe."

"Haya! Kwangu mwenyewe sina sauti tena!"

Mama Kasuku akaitikia. "Karibu, Baba Kasuku."

Aliingia, akasalimia kutoka mbali, akakaa kwenye kochi. Kochi likalia: kwiiii! Kochi lile lilishonwa na Mama Kasuku, lakini kwa fremu ya seremala mwingine, na kila aliyelikalia lilimtangaza. Kasuku alimrukia baba yake shingoni, nalo likalia mara mbili. Akamfunulia mdomo wote aone pengo, akamweleza habari za shule, za paka wa jirani, na za mwalimu anayepiga chafya kwa sauti ya honi. Seremala alisikiliza, akacheka, akafuta macho kwa mkono wa shati.

Hata hivyo, kila alipojisogeza, kochi lilimchokoza. Mama Kasuku aliona vidole vyake vinapapasa mbao chini ya kitambaa, vinatafuta kiungo kilicholegea. Akaona anainama na kuchungulia miguu ya kochi.  Goti moja la yule bwana lilikuwa tayari linaelekea sakafuni, mara akajizuia katikati, kama mtu aliyeitwa jina lake.

"Naomba kuuliza," alisema. "Mnaniruhusu niligeuze kochi hili? Ni kiungo kimoja tu. Sitachukua muda."

"Geuza!" wifi alidakia. "Linaniaibisha mbele ya wageni!"

Lakini seremala hakumtazama dada yake. Alikuwa akimtazama aliyelishona.

Mama Kasuku alijua kwamba kiungo kile kweli kinahitaji kukazwa. Alijua pia kwamba siku nyingine kama hii ya kulijaribu neno lile haipo. Akakaza sauti isitetemeke.

"Hapana."

Sebule nzima ikanyamaza, hata Kasuku. Wifi alikuwa ameshaishika simu yake mkononi. Seremala aliinamisha kichwa. Alivuta pumzi ndefu, akaitoa polepole, kisha akaliinua goti lake.

"Sawa," alisema.

Akarudi kukaa, taratibu, kwa adabu zote. Kwiiiiii! Kochi halikuwahi kulia namna ile tangu liletwe duniani. Seremala akajaribu kubaki na uso wa mtu mzima, akashindwa. Kasuku ndiye aliyeanza kucheka, wifi akafuata huku amejishika mbavu. Mama Kasuku alicheka mpaka machozi yakamtoka.

"Afadhali umekataa, wifi," wifi alisema akihema. "Burudani yote hii tungeipata wapi?"

Muda ulipokwisha, seremala aliinuka bila kukumbushwa.

"Baba, tusindikize mpaka nyumbani," Kasuku aliomba.

Seremala alimtazama Mama Kasuku, naye akatikisa kichwa kukataa.

"Nitakuagia hapahapa, mwanangu," baba alisema, akabaki barazani akiwapungia mkono.

Walitembea, Kasuku akiruka madimbwi na kusimulia upya yote aliyokwisha kusimulia. Mama Kasuku alifika kwenye kona ndipo akagundua kwamba hajageuka nyuma hata mara moja kutazama kama wanafuatwa.

"Mama, Jumamosi ijayo nimpelekee baba michoro yangu?"

"Ipeleke yote," alijibu, huku akiruka dimbwi yeye mwenyewe. "Na penseli za rangi, naye achore."