Mdakaji Aliyekuwa Wazi Siku Zote

"Hawanirushii mpira, shangazi. Niko wazi kila mara, hawanioni."

Quindarius Pettway aliyasema hayo jikoni kwa shangazi yake Vernell, kwao Alabama, huku akimaliza nyama ambayo hakuinunua wala kuipika. Ilikuwa Jumanne, siku ambayo wachezaji wa kulipwa wa futiboli ya Kimarekani, ile ya kudaka mpira kwa mikono na kuvuka nao mstari wa goli, hupumzika. Wengine hulala. Quin alipanda ndege kuja kulalamika.

Vernell hakuinua macho kutoka kwenye kunde alizokuwa akimenya.

"Hata mlango wa banda langu uko wazi. Sijaona mtu akiurushia kitu."

"Sitanii. Nimewaambia mpaka waandishi wa habari."

"Nimekusikia kwenye televisheni. Mtaa mzima umekusikia. Mchungaji amekuweka kwenye maombi, pamoja na wagonjwa."

Watu wa mjini husema Quin alizaliwa na mikono, kana kwamba wengine tulizaliwa na makasia. Ukweli ni kwamba mikono hiyo aliitengeneza Vernell. Alimlea tangu mama yake alipofariki, na kila alipomwita mezani alimrushia sponji lililojaa maji ya vyombo. Asiyedaka alilowa. Mtoto akajifunza. Alipofika sekondari, kila Ijumaa jioni maduka yalifungwa watu wakamwone akikimbia. Chuo kikuu kikampa shahada, ya nini hasa, mpaka leo hawezi kueleza. Kisha, timu za kulipwa zilipochagua wachezaji wapya kwa zamu, moja ya kaskazini ikamchagua karibu na mwisho kabisa, kama mtu anayechukua boga lililobaki sokoni ili asirudi mikono mitupu.

Siku anaondoka, Vernell alimpa pai ya viazi vitamu ndani ya bakuli la kioo aliloachiwa na mama yake. Desturi ya timu ni kwamba mgeni huwalisha wakongwe. Wakongwe walikula wakalamba vidole, na Quin, kwa unyenyekevu wake tunaoujua, akawaambia ameoka mwenyewe. Bakuli likabaki kwa Quin. Na kwa akina Pettway bakuli la mtu halirudi tupu.

"Litarudi na mpira wa kwanza nitakaofunga," aliahidi.

Tangu hapo Vernell anaoka kwenye bati. Quin amepita timu nne; masanduku ameyafunga mara nyingi, goli hajafunga hata moja.

"Na ule wa Novemba?" Vernell aliuliza.

Quin akaacha kutafuna.

Ule wa Novemba mrushaji aliutuma mbali, Quin akaudaka juu ya vichwa vya mabeki wawili, akatoka mbio peke yake, hata nzi hakumfuata. Hatua moja kabla ya mstari wa goli akauachia mpira udondoke nyuma yake, kwa madaha, mikono ameitandaza, akaanza kucheza densi. Alicheza vizuri, tusimnyime sifa. Alipokuwa akicheza, wapinzani waliuokota wakaenda kufunga upande wa pili.

"Nilidhani nimeshavuka," alisema.

"Walikurushia, baba. Wewe ukauacha mlangoni."

Kisha Quin akasema alichokuja kusema.

"Kocha anasema Jumapili ndiyo ya kunipima. Nikiboronga, naondoka, na sioni timu nyingine ya kunichukua. Kwenye kazi hii mimi ni mzee."

"Basi Jumapili usimwambie mtu uko wazi. Funga mdomo ufungue mikono. Na ukishika, kimbia mpaka ukuta ukuzuie."

Jumapili ilipofika, sebule ya Vernell ilijaa watu wa kanisa, kila mmoja na ushauri wa bure. Mpira haukumjia Quin karibu mechi nzima. Hakulalamika, aliwasukuma mabeki ili wenzake wapite, kazi ambayo zamani aliiona ni ya wabeba mizigo. Mwishoni ukaja mmoja, mfupi, katikati ya watu. Akaudaka. Beki mmoja alimning'inia kiunoni, Quin akamburuta mpaka ndani ya mstari, akajinasua, akaendelea kukimbia hadi kwenye ukuta chini ya mashabiki. Mwamuzi alimfuata kuuomba mpira. Quin alikataa kuutoa.

"Kwa nini leo hachezi densi?" mchungaji aliuliza.

"Amekua," Vernell alisema, akijifuta macho kwa kisingizio cha vitunguu. Jikoni hapakuwa na kitunguu.

Jumanne timu ikamwacha. Imepata kijana mwenye kasi zaidi, walisema, wakamshukuru sana. Shukrani zao huja na sanduku.

Jioni hiyo aliingia jikoni amebeba bakuli la kioo kwa mikono miwili, ndani yake mpira wenye majani makavu. Akaliweka ukingoni mwa meza, bila kuliachia.

"Sogeza," Vernell alisema.

Akasogeza.

"Bado."

Akalisukuma mpaka katikati, vidole vingali juu yake.

"Haya, umevuka. Achia."

Vernell aliutoa mpira, akaliinua bakuli kwenye mwanga kutafuta ufa. Halikuwa na ufa. Lilikuwa na utando wa pai ya zamani.

"Miaka yote hiyo na hukuliosha," alisema. Akachovya sponji kwenye maji, akamrushia bila kugeuka.

Quin akalidaka.