Pini Mdomoni

Mtaani walimwita Mama Taratibu, kwa kuwa katika miaka yote ya ushonaji hakuna aliyemsikia akipaza sauti. Hakuwa na haja. Alipokosea kukata, na kila fundi hukosea, alimsimamisha mteja mbele ya kioo, akainamisha kichwa, akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole: "Usijali, mpenzi. Mwili nao hubadilika." Mteja akaondoka ameshaomba radhi kwa kuwa na kiuno.

Kwa binti yake, aliyeshona naye chumba kile kile cha mbele, hakuhitaji hata kioo. Mwaka uliopita binti alipata kazi katika kiwanda cha nguo, mji wa mbali. "Nenda tu, mwanangu," Mama alimwambia. "Mimi nitazoea." Binti akabaki, na Mama akajihesabu miongoni mwa wazazi wasiomlazimisha mtu. Sasa kiwanda kilikuwa kimemwita tena, kinataka jibu kabla ya jioni.

Mchana akaja mkunga kujaribu gauni lake. Zipu ikagoma katikati ya mgongo. Mama alikuwa anapiga pasi, basi mkunga akahudumiwa na binti.

Binti akainamisha kichwa. Akanyamaza kidogo.

"Usijali, mpenzi. Kazi zenu za kukesha nazo hunenepesha."

"Kweli nimejiachia," mkunga akasema, amevuta tumbo ndani. "Mnisamehe, nimewaongezea kazi."

"Tutalirekebisha tu. Sisi tumezoea."

Mkunga akaondoka ameapa kuacha sukari.

Kola iliyokuwa chini ya pasi ikaanza kutoa moshi. Kwamba gauni lilikuwa finyu Mama alijua, alilikata mwenyewe. Kilichomkausha ni uso wa mkunga. Aliwahi kuuona. Ulikuwa uso wa binti yake mwaka jana, ule ambao yeye aliuita mapenzi.

"Maneno hayo umejifunza wapi?"

Binti akamtazama kama aliyeulizwa alijifunza wapi kutembea. "Mama, jamani."

Mama akaketi. Machozi yakamjia, ya kweli kabisa, lakini kabla hayajadondoka alijikuta anachungulia kama binti ameyaona. Hapo ndipo aliposhtuka hasa. Akayafuta upesi kwa kipande cha bitana.

"Mkimbilie mkunga. Mwambie kiuno chake hakina kosa, nilikata vibaya."

"Nimwambie hivyo? Atazimia."

"Ni mkunga, atajihudumia."

Binti aliporudi alishika simu, hakupiga.

"Mama, nikisema naenda?"

"Nenda."

Sentensi ya pili, ile ya mwaka jana, ilikuwa imeshapanda kooni, laini, imenyooshwa, inangoja mlango. Mama akachota pini kwenye kikasha, akazibana midomoni, akainamia gauni la mkunga na kuanza kufumua ubavuni.

"Na wewe je?"

Mama akazinyooshea kidole pini za mdomoni.

Binti akasubiri muda mrefu, kichwa ameinamisha, kama mtu anayesikiliza mvua iliyokatika ghafla. Kisha akapiga simu.