Umeme wa Mama Weupe

Mtaa mzima ulimwita Mama Weupe, na jina hilo hakupewa bure. Shuka zake zikianikwa kando ya za dobi mwingine, za yule mwingine zilionekana kama zimelala jikoni. Alifua kwa mikono, akatia buluu kidogo na wanga, akanyoosha kwa pasi ya mkaa. Tangu aachwe mjane, kazi hiyo ndiyo iliyomsomeshea watoto wake wawili.

Adui yake alikuwa bomba la moshi la mtambo wa umeme, ng'ambo ya barabara kuu. Kabla ya kuanika alilowesha kidole, akakiinua juu, akautazama moshi unaelekea wapi. Ukielemea kwake, nguo nyeupe zilibaki kwenye beseni mpaka upepo ugeuke, hata kama mwenye nguo amesimama mlangoni amenuna. Wala uadui huo haukuwa wa nguo tu. Mumewe alikuwa mchochea makaa wa mtambo huohuo. Alirudi nyumbani na kifua kinacholia kama filimbi, mpaka siku kilipokaa kimya.

Kitindamimba wake aliachishwa kazi mjini, akarejea na shehena ya kompyuta zisizo na vioo, akazipanga kwenye stoo ya uani. Zilivuma usiku na mchana.

"Hizi zinafanya nini, baba?" mama alimwuliza.

"Zinachimba sarafu za mtandaoni."

"Mbona sioni udongo?"

"Zinachimba kwa hesabu, mama. Zinashindana na nyingine huko duniani kufumbua fumbo. Inayoshinda inapata sarafu."

"Hebu nami niione."

"Haishikiki."

"Haya. Ukija kupata mke wa namna hiyo, harusini usinialike."

Kijana alicheka mpaka akaegemea ukuta. Alikuwa amerudi mnyonge, hata chakula hali vizuri, na mama aliposikia kicheko kile alijisemea moyoni: huyu haondoki tena.

Mvua zilipoanza, Mama Weupe aligundua kwamba mashine zile zinatema upepo wa moto. Akafunga kamba stooni. Madobi wenzake wakihangaika na nguo zinazonuka uvundo, za kwake zilikauka kabla ya adhuhuri, na masizi hayazioni. Nyumba moja ya wageni ikamletea shuka zake zote. Mama akawa anaanika, mwana anafuta vumbi mashine zake, wanataniana kutwa.

Kisha redio ikatangaza kodi mpya. Umeme unaotumiwa na mashine za kuchimba sarafu utalipiwa zaidi, kwa kuwa mashine hizo ni walafi na mtambo unachoma makaa mengi kuzishibisha. Mwenye nazo ajiandikishe, afungiwe mita yake.

"Kumbe moshi ule ni wako," mama alisema.

"Ni wa kila mtu. Hata redio yako ina moshi wake."

"Redio yangu inadonoa, zako zinabugia. Lipa, baba."

"Nikilipa, sibakiwi na kitu. Itanibidi nifunge, niende kutafuta kwingine." Akamsogelea. "Wakija kuuliza, sema una mashine za kufulia. Dobi akila umeme, nani atashangaa?"

Mama alilitazama bomba la moshi, akamtazama mwanawe. "Nitasema," alijibu.

Mkaguzi alikuja asubuhi ya mvua, binti mwenye heshima zake. Alitoa shikamoo, akakaribishwa kiti barazani, na kijana akajibanza mlangoni pa stoo.

"Mama, umeme wenu umepanda sana. Ni wa kazi gani?"

"Mimi ni dobi, mwanangu."

Mkaguzi aliigusa shuka iliyokunjwa mezani. "Basi ndiyo maana. Weupe huu nilijua tu ni wa mashine. Mkono wa mtu hauwezi."

Hapo alitakiwa kuitikia tu. Lakini damu ilimchemka.

"Hauwezi? Mashine inajua nini? Inachosha kitambaa na uchafu wa pindo inauacha. Shuka ya mtu sijaitia kwenye mashine tangu nizaliwe. Mashine yangu ndiyo hii." Akamwonyesha viganja.

"Na pasi?"

"Ya mkaa. Ile pale." Hata hilo alilisema kwa fahari.

Mkaguzi alitega sikio. Uvumaji wa uani ulisikika vizuri.

"Sasa, mama, kinachovuma huko nyuma ni nini?"

Maji yakimwagika hayazoleki. Mkaguzi hakugomba. Alisema sheria haikukataza mashine, kosa ni kuzificha, akaamuru umeme wa stoo ukatwe mpaka kodi na faini vilipwe. Kijana hakuwa na cha kulipa. Aliziuza mashine, akafunga begi.

Siku ya kuondoka alisimama mlangoni muda mrefu.

"Sikulaumu, mama. Ulifanya kwa ajili ya baba. Sivyo?"

Ukweli ulimjia mama mpaka ncha ya ulimi: kwamba wakati ule hakumkumbuka baba wala moshi, alikuwa anatetea shuka. Aliona haya. Akatikisa kichwa kukubali.

"Nilijua," kijana alisema. "Mimi nipo hai, lakini ukamchagua yeye."

Akaenda zake.

Mvua zimerudi. Stoo ni baridi, nguo zinanuka, na nyumba ya wageni imepeleka shuka zake kwa wenye mashine. Moshi wa mtambo pengine umepungua; Mama Weupe hautazami tena kama zamani. Kijana humpigia simu dada yake tu, na dada mtu hufikisha salamu, kisha husema, "Mama, mpigie wewe mwenyewe, mwambie lolote."

Mama Weupe hujibu kwamba ana nguo majini.