Shamba la Mama Lisiwe Matofali

Niliondoka Mikumi na hasira zangu, na chanzo ni simu ya mdogo wangu Festo. Alinipigia Alhamisi kuniarifu, wala si kuniomba ushauri, kwamba shamba alilotuachia mama kule Chanzuru anawapa wafyatua matofali. Jumatatu wanaanza kuchimba. "Dada, udongo umekufa," alisema. "Mvua ikipiga mara moja tu unashika ukoko, mbegu zinaozea chini." Umekufa! Miaka yote nafundisha sayansi watoto wa watu, kumbe kwetu ndiko hakuna anayenisikiliza.

Jumamosi alfajiri nilipanda gari la Kilosa, mkononi kopo lenye bonge la udongo wa bustani yangu. Udongo wangu ni wa kichanga, lakini nauwekea samadi kila mwaka. Njiani vumbi tupu. Kutoka Kilosa mjini nilichukua bodaboda, na kijana yule hakukwepa shimo hata moja. Nilipomfokea akajibu, "Mama tulia, tutafika." Tulifika kweli, kiuno kikiniuma.

Saa nne nilikuwa shambani. Festo alinipa "Shikamoo dada" kwa heshima zote, kisha akaendelea kukusanya mabua ya mahindi ayatie moto. Nikamuuliza anachoma ya nini.

"Mzee Saning'o, yule mfugaji wa ng'ambo ya mfereji, ng'ombe wake wakiona mabua wanakuja. Nikichoma, hawana cha kufuata."

"Umeanza lini mambo haya?"

"Tangu mama afariki."

Jamani! Nilitaka kulia.

Nikaomba glasi tatu za maji. Wifi yangu Neema alizileta huku akicheka, "Leo tuko darasani." Ya kwanza nilitumbukiza bonge la katikati ya shamba, dakika chache tu, uji. Ya pili nikatia bonge la ukingoni, palipoota nyasi bila kulimwa wala kuchomwa, udongo uleule wa mfinyanzi. Likatoa mapovu, likabaki zima. Ya tatu, bonge langu la Mikumi. Lilijikaza kidogo, likameguka.

"Lako nalo chali, mwalimu," Festo alisema.

"Lile ni la mchanga! Mchanga haushikani wenyewe, hata samadi inahangaika nao. Wewe una mfinyanzi, umepewa bure, halafu unaunyima kila kinachooza. Mabua, mizizi, samadi, hivyo ndivyo vinavyoshikanisha udongo usiwe tope mvua ikipiga. Na wewe unavipiga kiberiti!"

Alichovya kidole kwenye ile glasi ya uji. "Sasa samadi nitaitoa wapi?"

Ng'ombe wanalia ng'ambo pale, tunawasikia wote, na yeye ananiuliza samadi ataitoa wapi. Haki ya nani, nilihesabu moja hadi kumi kabla ya kufungua mdomo.

Baada ya chakula nilimburuta hadi kwa Mzee Saning'o. Nilitangulia na shikamoo yangu; Festo akatoa yake kwa shida, kama anang'olewa jino. Mzee aliitikia marahaba akinitazama mimi tu. Nilipomweleza kilichotuleta, alishangaa.

"Samadi? Ikijaa zizini tunaichoma, inzi wasitusumbue. Nani aliwahi kuiomba? Mimi ninalia na mabua. Kiangazi ng'ombe wanakonda, jirani yangu anawasha moto."

Nilikaa chini palepale vumbini. Huyu anachoma chakula cha ng'ombe wa yule, yule anachoma chakula cha shamba la huyu, na kinachowatenganisha ni mfereji ambao hata mimi na kiuno changu niliuruka. "Nyie watu mtanipandisha presha," niliwaambia. Mzee akacheka. Festo hakucheka.

Jumapili nilirudi Mikumi bila kujua Festo ameamua nini. Nilichojifunza ni hiki: mchanga una shida zake na mfinyanzi una zake, na udongo wowote hauponi kwa msimu mmoja, lakini lile shamba halikuuawa na mvua. Liliuawa na majirani wawili wasiosemezana. Niliumia kwamba ningelijua hilo mapema kama ningekuwa naenda nyumbani mara kwa mara.

Jumatatu asubuhi, niko ubaoni, simu ikaita.

"Dada, ng'ombe wamejaa shambani kwa mama," Festo alisema.

Nikafoka. "Wameingiaje tena?"

"Nimewaita mimi. Wafyatua matofali wamewakuta, wamerudi walikotoka na majembe yao."