Betri Iliyotolewa Gari Likinguruma

Mtakaosoma, mnisamehe kwanza. Mwandiko wangu umelala upande kama mahindi yaliyopigwa na upepo, na najua kuna herufi nimezikosea. Niliishia darasa la saba, na mkono wangu umezoea usukani wa trekta kuliko kalamu. Karatasi hizi zimenichukua Jumapili nne. Lakini nimeona afadhali niandike vibaya kuliko kuendelea kunyamaza, kwa sababu kunyamaza kwangu kulimharibia mtu jina lake la kazi.

Mtu huyo alikuwa fundi wa magari pale Nkende, Tarime. Gereji yake ilikuwa ua wa nyumba tu, na mabati mawili ya kuzuia jua. Alikuwa Mjaluo, kazi alijifunza ng'ambo ya mpaka wa Sirari, na Kiswahili chake kilikuwa cha huko. Kidole chake cha shahada cha mkono wa kushoto kilikuwa kifupi, kilikatwa na feni ya gari. Akikaza nati alihesabu mizunguko kwa lugha yake, achiel, ariyo, adek, kwa sauti, hata kama mko katikati ya mazungumzo.

Kijiji chetu kiko upande wa Nyanungu. Baada ya kuhamia pamoja tulipata Landrova kuukuu ya dizeli na trekta la kulimia shamba la ujamaa. Betri ilikuwa moja. Mimi nilikuwa dereva wa trekta. Dereva wa Landrova alikuwa mzee wa rika la baba yangu, na mwaka ule ng'ombe wa kwanza wa mahari walikuwa wameshaingia katika boma lake kwa ajili ya binti yake. Kwa hiyo alikuwa baba mkwe wangu. Kwetu baba mkwe humsogelei ovyo wala hutaniani naye. Kumpa maagizo ndiyo kabisa hufikirii. Na hata pasipo mila hizo mimi nilikuwa mtu wa aibu. Shuleni nilikuwa najua jibu na sinyooshi mkono.

Kila asubuhi ya kulima mambo yalikwenda hivi. Mzee anawasha Landrova, mara nyingi baada ya kusukumwa na watoto wa shule. Ikishanguruma, anaiacha hivyo hivyo, anafungua waya na kutoa betri, kwa sababu gari la dizeli likishawaka haliulizi betri. Anaiweka juu ya gunia kwenye nyasi na kurudi nyuma. Ndipo mimi ninakwenda kuichukua, nawasha trekta, nairudisha juu ya gunia. Hatukupokezana mkono kwa mkono hata siku moja. Akina mama waliokuwa wanapita kwenda kisimani walicheka: "Angalieni, hawa wanaposana kwa betri!"

Shida ilikuwa dainamo ya Landrova. Dainamo inachaji vizuri gari likikimbia, na njia zetu za matope hazikimbiliki. Betri moja ilikuwa inawasha mashine mbili na hairudishiwi nguvu. Msimu mmoja tulichelewa kupanda karibu wiki mbili. Basi kamati ya kijiji ikaamua kuuza ng'ombe dume mmoja ili tupate altaneta, ambayo huchaji hata gari likitambaa. Fundi wa Nkende akasikia habari za gari lililopinduka karibu na Machochwe, akaenda mwenyewe kuifungua altaneta yake.

Siku ya kuifunga tulikwenda Nkende, mimi na mzee. Fundi alikata chuma cha kuishikilia, akabadilisha waya, akapima mkanda kwa kidole gumba. Kazi ilipokaribia kwisha, mzee alikuwa amekwenda ofisini kugongewa muhuri kwenye kibali cha dizeli. Fundi akaniita.

"Kijana, kuja hapa. Hii si dainamo. Dainamo ni punda, unaipiga na inaenda. Hii haitaki mchezo. Gari ikinguruma, usitoe betri. Hata dakika moja. Ukitoa, inaungua ndani na hutaona hata moshi. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Sema tena."

Nikasema tena, neno kwa neno.

"Asubuhi zima gari kwanza, ndio utoe betri. Iwashe trekta, irudi, iwashe gari. Usiogope, nguvu itakuwa tele. Mzee wako atajua?"

"Nitamwambia."

"Sasa umwambie na sauti, sio hii ya kuku mgonjwa." Akacheka, akarudi kwenye nati zake. Achiel, ariyo, adek.

Wakati wa kurudi mzee alifungua mlango wa upande wa pili, akaniita kijana kwa lugha yetu. "Mura, mbele kuna nafasi."

"Huku nyuma panatosha, baba."

Nikakaa nyuma juu ya magunia ya chumvi, nikaanza kupanga maneno. Baba, fundi amesema. Hapana, hiyo ni kama namwamuru. Baba, samahani, kuna neno dogo. Tulipofika kijijini maneno yalikuwa yameshapangwa, naye akashuka, akaniaga, akaenda zake. Nikasema kesho. Ningeweza kumwambia mwenyekiti. Ningeweza kumtuma mtoto yeyote. Nilisema kesho.

Siku tatu mvua ilinyesha na hatukulima. Landrova iliwaka kwa kuguswa mara moja. Watoto wa shule walisikitika. "Mzee, tusukume kidogo tu!" Naye akawapigia honi, anacheka, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwake.

Siku ya nne jua lilitoka. Nilipofika, Landrova ilikuwa inanguruma na mzee ameinama na spana juu ya betri. Nilikuwa hatua kama kumi na tano kutoka kwake. Nilifungua kinywa. Kilichotoka ni hiki:

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mura. Leo tutalima mpaka tuchoke."

Akachomoa waya. Mngurumo haukubadilika. Moshi haukuonekana, kama fundi alivyosema. Nikachukua betri juu ya gunia, nikawasha trekta, nikalima kutwa nzima nikijiambia kwamba labda fundi alitia chumvi.

Haikufika wiki betri ikafa, na watoto wakarudi kusukuma. Kamati ikasema tumeuziwa kopo tupu. Fundi akaitwa, akaja na lori la mnada, begani amebeba gunia. Aliifungua altaneta mbele ya watu, akainusa.

"Imeungua. Mlitoa betri gari ikinguruma."

"Tumetoa hivyo tangu tupate gari!" mjumbe mmoja akafoka. "Leo ndiyo imekuwa kosa?"

"Nilimwambia kijana wenu. Huyu hapa."

Nyuso zote zikanigeukia, isipokuwa ya baba mkwe wangu, ambaye alitazama chini. Mwenyekiti akasema, "Ndugu dereva wa trekta, ulielezwa?"

Nikikubali, watu watajua nilimwacha mzee aharibu mali ya kijiji kwa mkono wake huku natazama. Nikajibu, "Sikusikia vizuri."

Maneno mawili tu. Fundi alinitazama. Angeweza kusema kwamba nilirudia neno kwa neno. Alisema, "Basi. Labda nilisema na sauti ndogo." Yeye ambaye akihesabu nati alisikika mpaka ng'ambo ya barabara.

"Fundi wa makopo!" mtu akasema nyuma, watoto wakalidaka.

Ndani ya gunia alikuwa ameleta dainamo yetu ya zamani. Aliirudishia mahali pake bila kudai chochote. Nilisimama karibu. Alikaza nati zote kimya, hakuhesabu hata moja.

Jina hilo la makopo lilifika mnadani, likafika Tarime, na wenye magari wakaanza kumpita.

Baada ya kuoa nilishindwa kuvumilia, nikamweleza mke wangu. Jioni ileile alikwenda kwao. Siku iliyofuata baba yake alikuja na kuniita nje ya uzio.

"Mura, ungepiga kelele tu. Ungenirushia hata donge la udongo."

"Niliogopa kukukosea heshima, baba."

"Ni heshima gani hiyo ya kuniacha niunguze?" Akageuka kutazama njia ya kwenda Nkende. "Mimi ningekusikia. Na yangu si neno. Yule mtu je?"

Tulikwenda Nkende pamoja, na safari ile nilikaa mbele. Mabati mawili hayakuwepo. Mama mmoja alikuwa ameanika dagaa palepale tulipofungia altaneta. Alisema fundi alihama kabla ya mavuno. Yeye alisikia amekwenda Kisumu. Jirani yake akasema hapana, Mugumu.

Kwenye mkutano wa kijiji mzee alisimama akasema mkono uliochomoa waya ulikuwa wake, nami nikasimama nikasema fundi aliniambia na nilisikia. Hakuna aliyenizomea. "Haya, yamepita," mwenyekiti akasema, wakaendelea na habari za mbolea. Iliisha upesi hivyo. Ningeweza kuisema siku ile ya kwanza. Na watoto wa kijiji, kitu kikiharibika, bado wanasema ni cha fundi wa makopo, na hawajui ni nani.

Ninyi mnaosoma mahali pengine, kama kwenu kuna fundi mwenye kidole kifupi mkono wa kushoto, mpelekeeni magari yenu, na mwambieni kijana wa trekta alisikia vizuri. Kisha mniandikie, mistari miwili inatosha, mwandiko wowote. Anwani nimeiweka nyuma ya bahasha itakayopitishwa na karatasi hizi gereji hadi gereji. Mniambie amefika wapi, na kama akikaza nati bado anahesabu.